Anayeshika Zamu Ng'ambo ya Mto

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Kijiji cha Burfold, Bi. Winifred Tranter, Mheshimiwa Kasisi Loveridge, uliyeibariki ardhi hii asubuhi ya leo, Bwana Gethin Pryce, mjumbe kutoka Llandeilwen, uliyelazimika kuzunguka na gari kwa barabara kuu ilhali paa la nyumba yako tunaliona kutoka hapa tulipo, ndugu wageni waalikwa, majirani zangu, na wewe babu yangu, Clement Beddoes, uliyeketi mstari wa mbele na blanketi magotini: nawasalimu nyote kwa heshima.

Mimi ni Rowena Beddoes, mwanafunzi wa kidato cha tano. Wengi wenu mnanijua kama yule msichana anayesoma huku akitembea, aliyewahi kujigonga kwenye nguzo ya simu mbele ya iliyokuwa posta. Wachache mmewahi kunisikia nikisema. Bi. Tranter alipokuja nyumbani kuniomba hotuba hii, nilidhani amekosea mlango.

Aliniambia, "Rowena, mwanangu, wewe ndiye unayesoma vitabu. Siku ya ufunguzi wa makaburi mapya, tueleze historia na jiografia ya kijiji chetu. Usiwe mrefu, na tafadhali usituhuzunishe."

Nikamwuliza, "Hotuba ya kufungua makaburi, mama, nisihuzunishe?"

Akasema, "Jitahidi tu."

Nimejitahidi. Mvua hii, kama mnavyoiona, haijanisaidia.

Ndugu wageni waalikwa, naanza na jiografia, kwa sababu kwetu sisi jiografia ndiyo iliyoizaa historia. Burfold imekaa juu ya mwamba. Yeyote kati yenu aliyewahi kujaribu kupanda viazi bustanini anajua: unapiga jembe mara moja unapata udongo, unapiga mara ya pili jembe linalia na mkono unakufa ganzi. Kondoo wanaupenda mwamba huu kwa sababu majani yake mafupi ni matamu, na nyumba zetu zinaupenda kwa sababu hazizami. Lakini ni nani aliyewahi kulichimbia jeneza shimo katika jiwe? Ng'ambo ya mto Clewin, kinyume chake, kila mafuriko tangu kuumbwa kwa mto yamemwaga tope laini, jeusi, la kina, na juu ya tope hilo Wawelisi wakajenga kanisa lao la Llandeilwen. Kwa hiyo wazee wetu walifanya jambo ambalo sijalisoma mahali pengine popote. Walizaliwa Uingereza, wakaishi Uingereza, wakafia Uingereza, na wote wakazikwa Wales. Chini ya sakafu za nyumba zetu hakuna hata mfupa mmoja wa mtu wetu. Sisi ni kijiji ambacho wafu wake wote wako nchi ya pili.

Hiyo ndiyo jiografia yetu. Na historia?

Historia ya mpaka mnaijua. Mnajua lile tuta refu nyuma ya shamba la akina Hotchkiss, ambalo mfalme mmoja wa kale aliwachimbisha watu ili Wawelisi wabaki kwao. Mnajua miaka ile ambapo watu wetu walivuka mto kwenda kuiba ng'ombe, na juma lililofuata wao wakavuka kuja kuiba ng'ombe walewale. Nyumba zilichomwa pande zote mbili, na watu walinyongwa pande zote mbili. Lakini katika kila nilichosoma na kila nilichosimuliwa, sijaona siku ambayo jeneza kutoka Burfold lilizuiwa kuvuka. Mtu aliyevuka akiwa hai aliulizwa anatafuta nini. Aliyevushwa mabegani alifunguliwa lango. Na lango hilo ni letu. Kanisa la Llandeilwen lina malango mawili, moja la juu upande wa kilimani, ambalo ni lao, na moja la chini upande wa mtoni, linaloitwa Lango la Waingereza mpaka leo. Ufunguo wake umekuwa ukikaa huku kwetu, ukipokezwa kutoka kwa mtunza kanisa mmoja hadi mwingine. Ni huu hapa mezani, mbele yangu. Ni mzito kuliko unavyoonekana.

Sasa naomba ruhusa ya kueleza jambo ambalo vitabu vimelipa sentensi mbili tu kabla ya kuendelea na mambo ya pamba na makaa ya mawe. Ninyi mnalijua tangu utotoni, ila wageni wetu kutoka makao makuu ya wilaya huenda hawalijui. Katika makaburi ya Llandeilwen kuna zamu. Anayezikwa mwisho ndiye anayeishika. Wengine wote wamelala; yeye yuko macho, amesimama ndani ya lango, anawalinda waliolala, mpaka atakapoletwa mwingine wa kumpokea. Hapo ndipo naye anaruhusiwa kulala.

Msicheke, tafadhali. Au chekeni, maana hata wazee wetu walicheka. Si mnakikumbuka kisa cha Josiah Mantle?

Kwa faida ya wageni, nitakisimulia kama babu alivyonisimulia. Josiah Mantle wa Burfold na mjane mmoja wa Llandeilwen, Gwenllian Bebb, walifariki juma moja, na maziko yao yakapangwa asubuhi moja. Ilikuwa ni wakati wa baridi kali, na hakuna aliyejua yupi angefuata baada yao. Atakayezikwa wa pili angeweza kukesha majira yote ya baridi peke yake. Basi wabebaji wetu walipofika kwenye jiwe la kupumzikia, pale kabla ya daraja, wakaangalia ng'ambo, na wakaona jeneza la Gwenllian linateremka mlimani. Linateremka kwa kasi.

"Jamani, wale wanakimbia!"

"Wanakimbia nini? Ni mteremko tu."

"Mteremko gani unaopindisha kona vile? Haya, nyanyua! Nyanyua!"

"Polepole wewe, utamwumiza mzee!"

"Mzee ameshamaliza kuumia. Twende!"

Wakavuka daraja mbio, jeneza likiruka mabegani, kasisi nyuma yao akishika kofia kwa mkono mmoja na joho kwa mkono wa pili, na Bibi Mantle, mjane mwenyewe, nyuma ya kasisi akipiga kelele, "Josiah hakuwahi kukimbia hata siku moja ya uhai wake! Leo ndiyo mnamkimbiza?" Majeneza mawili yakaingia kila moja kwa lango lake wakati uleule, na wabebaji wakaanza kusukumana katikati ya makaburi, kila upande ukidai umetangulia. Mchimba kaburi, Mwelisi aliyeitwa Ifor, alikuwa ameketi juu ya mpini wa koleo lake akila mkate. Akawatazama, akatafuna, akasema, "Mnasukumana ya nini? Humu hakuna anayeondoka."

Ndipo Ifor akatoa hukumu. Majeneza yote mawili yateremshwe kwa pamoja, kamba zikiachiwa kwa neno moja, na zamu ishikwe na wawili. "Yeye hajui Kiwelisi," alisema, "na mama huyu hajui Kiingereza. Hawatagombana." Na wazee wanasema baridi ile ilikuwa ndefu lakini lango halikulia hata mara moja.

Ndugu zangu, kisa hiki kinachekesha, na ninawaona mnatabasamu. Nimekisimulia kwa sababu kuna desturi iliyotokana na zamu ambayo haichekeshi, nayo ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa.

Mtu akifa Burfold, siku ya maziko majirani huenda nyumba mbili. Huenda kwanza kwa wafiwa, kutoa pole, kama wafanyavyo watu wote duniani. Kisha huenda kwenye nyumba ya yule aliyezikwa kabla yake. Huenda na keki ya mbegu za kisibiti, ile ngumu kidogo, isiyo na sukari nyingi. Hubisha hodi, na mlango ukifunguliwa husema maneno haya tu: "Wako amepumzika leo." Halafu huketi, wakanywa chai. Ninyi mliopokea keki hiyo mnajua. Mama Hotchkiss, wewe unajua. Kila kifo katika kijiji hiki kimekuwa kikileta msiba kwenye nyumba moja na faraja kwenye nyumba nyingine. Je, kuna sehemu nyingine ambapo watu waliweza kulipanga jambo hilo?

Bibi yangu, Dilys, alizaliwa Llandeilwen. Alivuka daraja akiwa msichana kuja kuolewa na mchunga kondoo wa Burfold, na maisha yake yote alimwita babu "Mwingereza wangu", hasa alipokuwa amemkasirikia. "Mwingereza wangu, vua hivyo viatu." "Mwingereza wangu, huyo mwana-kondoo atalala jikoni hadi lini?" Alifariki mwezi wa Februari mwaka jana. Tulimvusha daraja siku ya mvua kama hii. Kaburi lake lilichimbwa upande wa juu, karibu na ukuta wa kanisa, nalo lilichimbwa la watu wawili, mmoja juu ya mwingine, kwa kuwa babu alitaka hivyo. Jioni ile majirani walipeleka keki kwa Mama Hotchkiss, ambaye mumewe alikuwa ameishika zamu tangu majira ya mavuno. Nami nilikwenda nao. Mama Hotchkiss alilia, kisha akacheka, kisha akasema, "Mwambieni Dilys asante. Na mwambieni avae shali, pale langoni pana upepo."

Juma lilelile mto ukapanda.

Sina haja ya kuwaeleza usiku ule. Wote mlikuwepo. Daraja liliondoka zima, kama kijiti kinachonyanyuliwa na mtu. Ukuta wa chini wa makaburi ulianguka, na mto ukachukua vilivyokuwa karibu nao. Wengine wenu vilivyochukuliwa vilikuwa babu zenu na bibi zenu, na ninajua hamjapona. Serikali ilituma wataalamu wenye kofia ngumu. Makaburi ya Llandeilwen yakafungwa, hakuna tena maziko mapya. Baraza letu likatafuta ardhi, likaipasua kwa mashine iliyonguruma majira yote ya kuchipua, likaleta udongo kwa malori kutoka bondeni, likaumwaga hapa tunapokanyaga leo. Napenda kulisifu baraza, na ninasema hivi kwa moyo mweupe. Bi. Tranter, ulikimbia huku na huko wakati wengine wetu tulikuwa tumekaa tukitazama maji. Uliona kwamba kijiji kisicho na mahali pa kuwalaza watu wake ni kijiji kinachokwisha. Shule yetu ya msingi imefungwa, baa imefungwa, gari la maktaba halipandi tena mlima wetu, na nusu ya nyumba za mtaa wa kanisa huwashwa taa mwishoni mwa juma tu, wenyewe wakija kutoka miji ya mbali. Katika miaka hii ambapo kila kitu Burfold kinafungwa, wewe umefungua kitu. Kwamba ni makaburi, hilo si kosa lako.

Lakini kuna mtu mmoja aliyesahauliwa, na siwezi kuwalaumu kwa kumsahau, kwa kuwa hana namna ya kusema.

Kiangazi cha mwaka jana, Walt Gittins alifariki. Mnamkumbuka Walt, na kinanda chake cha mdomo. Asubuhi ya maziko yake babu aliamka, akanyoa ndevu, akavaa shati la kanisani. Akatandika kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimetandikwa tangu Februari. Akatoa vikombe vizuri, vile vyenye maua ya bluu ambavyo bibi alikuja navyo kutoka ng'ambo, akavipanga. Nikamwuliza, "Babu, tuna wageni?"

Akasema, "Leo Walt anampokea bibi yako."

Nilikuwa najua, na yeye alikuwa hajui kwamba amri ya kufunga makaburi imeshaanza. Familia ya Walt walikuwa wamemchukua kwenda tanuri la kuchomea maiti mjini, maana hapakuwa na mahali pengine. Sikuweza kumwambia. Nilikaa naye mezani. Kila gari lilipopita aliinua kichwa. Jirani mmoja alibisha hodi, na babu aliruka kama kijana, akafungua, na kabla hajamtazama usoni alimtazama mikono. Jirani alikuwa amekuja kuazima ngazi. Babu akampa ngazi, akarudi, akaketi. Baadaye alivirudisha vikombe kabatini kimoja kimoja, akavifuta ijapokuwa havikuwa vimetumika.

Tangu siku hiyo, yeyote anayebisha kwetu, babu humtazama mikono kwanza. Huenda baadhi yenu mlishangaa. Sasa mnajua anatafuta nini.

Je, mimi ninaamini zamu? Mheshimiwa Kasisi, umewahi kuniuliza hivyo. Ninasoma fizikia. Ninajua mwili unafanyaje ndani ya udongo mweusi. Lakini ninajua pia kwamba kijiji hiki kimeishi kwa zamu hii kwa muda mrefu kuliko nchi nyingi zilivyodumu, na kwamba tukisema leo ni upuuzi, basi keki zote zile, na machozi yote ya jikoni, na Mama Hotchkiss akicheka katikati ya kilio chake, tutakuwa tumeviita upuuzi pia. Mimi siwezi. Na hata kama ningeweza, babu hawezi.

Bi. Tranter alikuja kumwona babu mwezi uliopita. Naomba radhi kwa kuyaleta mazungumzo ya sebuleni hapa hadharani, babu ameniruhusu. Alimletea habari aliyodhani itamfurahisha.

"Clement, baraza limeamua. Wewe ndiye mkubwa wetu kwa umri. Nafasi ya kwanza kwenye makaburi mapya ni yako. Kona ile ya juu, unaona kijiji chote."

"Ahsante, Winnie. Mpe mwingine."

"Mpe mwingine? Watu wataona fahari!"

"Basi waache wakimbilie wao, kama akina Mantle."

"Clement, jamani. Ile zamu ni imani ya zamani."

"Hata mimi ni wa zamani," babu akasema. "Tunafaana."

Kasisi Loveridge naye alikuja, akanywa chai, akalitafakari jambo kwa upole wake. Alisema labda angeweza kuwaomba wenzake wa upande ule, na kama Mungu akijalia, babu na bibi wangekesha pamoja, kama Josiah na Gwenllian. Lilikuwa wazo jema. Babu alitikisa kichwa.

"Hapana, Kasisi. Nataka yeye alale. Mimi nitakaa langoni."

Walipoondoka wote nilimwuliza mwenyewe. Nilimwambia, "Babu, makaburi yamefungwa. Ukizikwa wewe wa mwisho, nani atakuja kukupokea?"

"Hakuna."

"Basi utakesha milele."

Alikuwa anamenya kiazi. "Wewe umezaliwa umekuta kondoo wachache," akasema. "Mimi nimekesha nao kila msimu wa kuzaa tangu nikiwa mdogo kuliko wewe. Theluji, mvua, yote. Mwaka ule wa maradhi ya kondoo, watu wa serikali walipokuja kuwaua wote na kuwachoma, nilikaa nao mpaka moto ukazimika. Mimi nimezoea. Bibi yako ndiye hakuweza. Habari za redio haziishi, kichwa kimeshaangukia kwenye sufu anayofuma. Nilikuwa namvua miwani kila siku. Sasa fikiri yuko kule tangu Februari ya mwaka jana, na miwani usoni, na hakuna wa kumvua."

Alimaliza kiazi, akachukua kingine.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni waalikwa: daktari amesema moyo wa babu umechoka. Si siri, nyote mnamletea supu. Ninaomba kwa niaba yake jambo moja tu: azikwe kule, katika kaburi la bibi. Halihitaji kaburi jipya, kwa kuwa kaburi lilikwisha kuchimbwa la wawili. Kaburi hilo haliko upande wa mto, liko juu, penye udongo mgumu, na wale wataalamu wa kofia ngumu walipita hapo wakatikisa ukuta na haukutikisika. Ombi hili halihitaji daraja, anaweza kuzungushwa kwa barabara kuu, kama alivyokuja Bwana Pryce leo, na kubebwa mabegani kutoka barabarani hadi mtoni, ili aingie kwa lango letu. Linahitaji lango lifunguliwe mara moja tu. Baada ya hapo lifungwe, na minyororo iwekwe, na mto ufanye unachotaka. Patakuwa na mtu macho.

Mtasema: tukimruhusu Clement, kila mtu ataomba. Lakini ni nani mwingine kati yenu anayetaka kuwa wa mwisho? Wazee wetu walikimbia na majeneza ili wasiwe wa mwisho kwa majira mamoja ya baridi. Hapa ameketi mtu anayeomba zamu isiyo na mwisho, na anaiomba kwa adabu, na kofia yake mkononi. Je, mna mlinzi mwingine wa kuwalinda watu wenu wote waliolala kule, na ambao hamwezi tena kuwafikia kwa miguu? Josiah yuko kule. Mumewe Mama Hotchkiss yuko kule. Mama yako, Bi. Tranter, yuko kule. Mmewaachia bibi mmoja anayesinzia.

Bwana Pryce, bibi yangu alikuwa shangazi wa mama yako. Ulibeba jeneza lake upande wa kushoto, mbele. Nilikuwa nyuma yako na niliona bega lako likitetemeka. Wewe ndiye utakayepokea ufunguo huu leo, na wewe ndiye utakayetia kufuli. Ratiba niliyopewa inasema kwamba nikimaliza kusema niuchukue ufunguo mezani, nikukabidhi mbele ya watu wote kama ishara ya kufunga lango, kisha mpigwe picha.

Nimeuchukua. Sijawahi kukataa kufanya nilichoagizwa, walimu wangu watashuhudia. Lakini sitakukabidhi leo, Bwana Pryce, na ninakuomba usinikasirikie. Nitampa babu. Atakaa nao. Ni mzito, lakini ataweza. Siku atakapokuja kwako, atakuja nao mfukoni, nawe utautoa mwenyewe, utafungua, atapita, utafunga. Hapo ndipo ufunguo utakuwa wako. Kama hukubali, inuka sasa useme, nami nitakuletea hapo ulipo, na nitanyamaza.

...

Ahsante. Nimeona umevua kofia. Bi. Tranter, nimeona pia kwamba hujaniambia nikae chini.

Basi nimefika mwisho, na historia na jiografia zimeisha kabla ya muda wake. Nawapongeza kwa makaburi haya mapya. Udongo wake ni mzuri, na siku moja watu wetu watauzoea. Atakayekuwa wa kwanza hapa ataanza zamu mpya, na ninawaomba msiiache, hata kama wageni watatucheka. Nawashukuru nyote kwa kusimama kwenye mvua na kumsikiliza mtu ambaye kwa kawaida hasemi.

Neno langu la mwisho ni la majirani. Siku ile ya babu itakapofika, nitakuwa peke yangu ndani ya nyumba. Mtakuja kunipa pole, na nitalia, na hamtajua la kuniambia. Msiondoke mkafikiri mmemaliza. Rudini nyumbani, mchukue mlichooka, mje tena, mbishe kwenye mlango uleule, maana safari hii nyumba mbili zitakuwa moja. Mniambie yale maneno kuhusu bibi. Vikombe vya bluu vitakuwa mezani.

Babu, usisimame. Ninakuja hapo ulipo. Nyoosha mkono.